Upawa

Saa kumi na moja alfajiri, Julai.
Baridi ya Mwanza mtu wa Njombe ataicheka,
lakini sisi tumelelewa na jua, hatujui kuvaa:
Kwilasa kaja na koti la mvua,
mimi khanga mbili na soksi za mwanangu,
na upepo unapanda kutoka ziwani
ukikata kona kati ya mawe ya Igogo
kama mtu anayedai deni.

Mama Nyanzobe hana habari za asubuhi.
"Mwangaluka," basi, halafu kisu mkononi.
Vitunguu nusu gunia, vimeshaanza kuchipua,
sokoni havina mnunuzi, kwetu vina kazi.
Mapanki yamefika kwa toroli kutoka kiwandani,
vichwa na migongo ya sangara;
minofu imeshapanda ndege.
"Wenzetu wamekula jina," anasema Kwilasa,
"sisi tutakunywa supu."

Kuni mbichi. Moshi unatulia machoni,
kwa hiyo hakuna anayejua
nani analia vitunguu na nani analia yake.

Sharti ni moja, halijaandikwa popote:
usimuulize mtu kwa nini amekuja.
Muulize sahani ngapi.

Saa nne foleni imezunguka jabali.
Wagonga kokoto, kope zao nyeupe kwa vumbi.
Kijana mwenye faili la Bugando kwapani,
"Mbili. Moja ya mgonjwa, isiwe na pilipili."
Mapacha wamebeba bakuli moja,
kila mmoja ameshika ukingo wake.

Kisha yeye.

Nilimjua kwa mkono kabla ya uso,
kidole cha shahada kilichopinda,
kile alichokuwa akinyooshea meza za watu:
hii, na hii, na hii.
Bwana Kishosha, mtoza ushuru.
Siku ile mama alipungukiwa shilingi mia mbili,
akalipiga teke beseni la dagaa
likaenda kifudifudi kwenye tope.
Mama aliokota mmoja mmoja mpaka giza likamnyima macho.
Tuliwala wiki nzima.
Mpaka leo nikisikia mchanga menoni
namwona mama amechuchumaa.

"Sahani moja," alisema. Shati limefungwa mpaka kooni,
kifungo kimoja si ndugu wa vingine.

Upawa wangu ulizama, ukapanda nusu.
Nusu tu. Nani angejua?
Sufuria lenyewe lilishaanza kuonyesha tako.
Nyuma yangu Mama Nyanzobe alikuwa akisonga ugali,
mwiko unagugumia, mgongo umenigeukia:
"Upawa hauna kumbukumbu, binti. Usiufundishe."
Au alimwambia Kwilasa, kuhusu jambo jingine.
Sikugeuka. Mpaka leo sijauliza.

Niliuzamisha tena.
Ukaja na kichwa kizima, jicho na shavu,
pale penye nyama ambayo kiwanda hakiioni.
Sikumsamehe, jambo hilo lieleweke.
Nilijaza sahani.

Hakunitambua.
Alionja palepale, amesimama, akamung'unya,
akasema, "Chumvi imezidi,"
na kweli ilikuwa imezidi.

Saa tisa tulishuka ziwani na masufuria.
Magugu maji yamesukumwa mpaka miguuni petu,
maji ya baridi yanauma vifundo,
tunasugua kwa mchanga na majivu, hatuzungumzi.
Kabla ya sufuria la mwisho Mama Nyanzobe alibandua ukoko,
akaumega mara tatu kwa vidole,
kipande kikubwa akampa Kwilasa
kwa sababu ndiye aliyebeba kuni.
Changu kilikuwa na ladha ya moshi,
na upepo, mwizi yule, ulishatia chembe yake:
kwaruu, kwenye gego.

Nilitafuna.

"Kesho viazi," alisema, akipandisha gunia tupu begani.
"Njoo na kisu chako. Hiki butu."